Shamba Nililopandia Nguruwe

Aibu yangu iko na muguu, na ule muguu niliushika na mikono yote mbili mbele ya nusu ya kijiji chetu cha Lweba. Lakini nikianzia pale hamutaelewa, acha kwanza niseme habari ya shangazi yangu na kuku.

Shangazi, dada mukubwa wa baba (mama mufupi, tumbaku haikutoka kwa mudomo), hakukimbizaka kuku hata siku moja. Kwa majirani mugeni akifika unaona baba nzima anazunguka nyumba na jasho, kuku mbele, imbwa nyuma, na mugeni mwenyewe anasimama kusaidia. Shangazi anaikala tu kwa mulango, anamwanga ulezi kidogo karibu ya kikwembe alichojifunga, anaanza kuongea na mugeni habari ya mvua. Kuku inakuja yenyewe, inadonoa, inasogea, inadonoa, halafu mukono unatoka, basi, tunakula. Nilimuuliza kwa nini hakimbii. Akasema: "Na haya magoti nikimbie wapi? Iyo iko na njaa, itakuja."

Yale maneno yalibaki katika kichwa yangu miaka mingi, na njo yalinipoteza, ingawa shangazi alikuwa amekwisha kufa na hana kosa.

Basi nikawa kijana. Ilikuwa wakati wa Babeleji, ile miaka kila mwanaume alikuwa na shamba ya pamba ya lazima, na monitere wa kilimo anapita kuangalia kama umepalilia. Nilikaa Lweba kwa mujomba, na nilimutaka Sifa, binti ya muzee Lubunga. Muzee hakunikataa. Mbuzi nilikuwa nimepeleka, majembe pia. Ilibaki kitu moja. "Mukwe," akaniambia, "mbuzi hata mutoto anaivuta na kamba. Mi nataka nyama ya pori, nzima, na kichwa yake na miguu yake ine, nijue binti yangu anaenda kwa mwanaume. Pamba ikivunwa yote na sijaona nyama, kuna batu ba kijiji cha Makobola banamuuliza ndoa pia."

Na mi sikuwa muwindaji. Kuwinda na wavu nilienda mara tatu tu, na mara ya tatu wavu ulinikamata mimi.

Njo nikamukumbuka shangazi. Juu kwa kilima, nyuma ya mashamba ya pamba, pale pori inaanza, nililima kipande kidogo, nikapanda mutama na muhindi pamoja, haikuwa ya kula, ilikuwa ya nguruwe ya pori, ikuje, izoee, inone, halafu nitaikamata sawa kuku.

Sasa sikieni kosa yangu, ni ndogo kabisa. Sikujenga kibanda. Kwetu mutama ikianza kuiva, mwenye shamba anajenga kibanda juu ya miti, anatundika makopo kwa kamba, anakaa pale toka asubuhi kufukuza ndege na nyani. Shamba bila kibanda na bila makopo, batu banajua mwenye alikufa ao alihama, na mutama inakuwa ya mutu yeyote mwenye kitunga. Ile desturi niliijua, nilizaliwa ndani yake. Lakini nijenge kibanda cha kufukuza nyama ninayoita? Na nikisema kwa batu, bawindaji ba kweli batanitangulia. Nikanyamaza. Hata Etabo, rafiki yangu mwenye imbwa, aliponiuliza ninapanda nini kule juu, nikamujibu viazi.

Mutama ikaiva. Asubuhi moja nikakuta muhindi imevunjwa, udongo umechimbwa, na mavi ya nguruwe katikati, na nikafurahia yale mavi sawa mutu mwenye amepokea barua. Niliona pia vichwa vya mutama vimekatwa vizuri sana, sawa na kisu. Nikasema moyoni, hii nguruwe iko na meno mazuri.

Nikamufungulia Etabo siri yangu. Akaleta nyavu, imbwa tano na banaume bane. Ingetosha. Lakini mi, na kiburi yangu, nikaenda kumuita muzee Lubunga mwenyewe akuje aikale juu ya jiwe aone kwa macho yake, na muzee mukubwa akipanda kilima asubuhi batu banauliza anaenda wapi, basi nyuma yake kukapanda bandugu zake, na nyuma ya bandugu bamama na maji yao kichwani.

Hapa niseme kidogo juu ya mama mukwe. Kwetu ukimuona kwa njia unaingia katika majani, unageuza mugongo mpaka apite. Toka nilipoanza kumuuliza Sifa, uso wa mama yake sikuuona, sauti yake niliisikia tu nyuma ya ukuta. Kumugusa, hata ncha ya kikwembe, ni neno ya kuitisha bazee.

Tukatandika wavu kimya. Kengele za imbwa tuliziziba na majani.

"Iko ndani," Etabo akanong'ona. "Ona mutama inavyotikisika."

"Tena ni kubwa," muzee akasema. Nilivimba sawa chura.

Etabo akazibua kengele, akaachilia imbwa, banaume bakapiga kelele, na kitu ikatoka mbio, imeinama, rangi ya udongo, ikaingia katika wavu yote. Kwetu mwenye kushika muguu wa kwanza njo mwenye nyama. Nikatupa mukuki (Mungu ni mwema), nikaruka, nikashika muguu. "Yangu! Muzee, ona, yangu hii!"

Muguu ulikuwa na pete ya shaba. Nakumbuka nilijiuliza, hii nguruwe ilitoa shaba wapi?

"We mutoto, achilia muguu yangu!"

Ile sauti ya nyuma ya ukuta.

Mutu mwenye akili angeachilia. Mikono yangu ilikataa, ilikauka pale pale, mpaka Etabo akakuja kufungua vidole kimoja kimoja: "Achilia, ndugu yangu, achilia mama ya benyewe." Na wakati sisi bote tunajaa kwa wavu, nguruwe ya kweli ikatoka upande wa muhindi, na batoto batatu nyuma yake, ikaingia katika pori. Hata haikukimbia.

"Amekamata!" mama moja akapiga vigelegele. "Na kichwa yake na miguu yake mbili!"

Muzee akashuka kwa jiwe. "Mama Sifa, unatafuta nini humu?"

"Nakata mutama. Shamba haina kibanda, haina kopo, ndege banakula bure. Nilijua mwenye alikufa."

"Mutama ya nini?"

Alikuwa amenigeuzia mugongo, kikwembe juu ya kichwa. "Ya pombe," akasema. "Ya ndoa yao."

Muzee akaniangalia. "Na we, ulipanda na hukulinda. Ulipandia nani?"

"Nguruwe, muzee."

"Mama mukwe anaokota, na nguruwe inalimiwa!" muzee akasema. Batu bakacheka tena, na yeye pia akacheka, hakuwa na hasira, mi niliona. Akaongea kidogo na bandugu zake, kisha akasema: "Leta mbuzi moja ya kusafisha hii neno, ifike mbele jua halijazama. Nyama ya pori nimesamehe."

Mukisikia vizuri, nilikuwa nimeshinda. Sifa alikuwa amefika na kuni zake. Akafungua kamba ya muzigo, akaiweka katika mukono yangu. "Enda kwa mujomba ulete mbuzi," akasema. "Batacheka siku mbili tu."

"Nakuja," nikamujibu.

Nikashuka. Nyuma bamama balikuwa bananiiga, "Yangu! Yangu hii!", na ile ningeivumilia. Lakini nilifikiri kila njia ya Lweba, maisha yangu yote, nageuza mugongo mpaka yule mama apite, na yeye anakumbuka vidole vyangu. Miti ine na kopo moja ingeniponya. Toka siku ile sijapanda kitu, hata kitunguu, bila kusema mbele ya batu ni ya nani.

Kwa mujomba mbuzi ilikuwa pale, imefungwa kwa muti, inatafuna. Ikaniangalia. Nilisimama kidogo na kamba ya Sifa katika mukono, halafu nikaiacha, nikapita, nikashika njia ya kwenda muji wa Baraka, na Lweba sikurudi tena.