Mfupa wa Fahali Kwenye Benchi la Kliniki

Sijui kwa nini bado nasimulia aibu hii, maana kila nikimaliza mtu huniuliza kama supu ilikuwa tamu, lakini sikilizeni tu. Trela la miwa lilinivunja mguu, na vipande vilivyokufa vilipoondolewa likabaki pengo la vidole vitatu katika mfupa, na lisipojazwa ningebaki wa magongo, mimi ambaye sijawahi kumaliza mwaka katika mji mmoja. Daktari akanieleza bila haraka: hujazwa kwa mfupa wa nyonga yako mwenyewe, ambao uko hai na hushika vizuri zaidi, ila unapata kidonda cha pili, au wa marehemu aliyejitolea, au wa ng'ombe, au chembe za kiwandani mfano wa chaki. Badala ya kusema, "Wewe ndiye daktari," nikasema, "Nipe wiki nichague." (Niliacha shule darasa la sita, kuulizwa maoni na daktari kulinilevya.)

Nyonga niliihurumia. Chaki sikuiamini. Wa marehemu, dada yangu Imali aliukataa: "Marehemu wa ukoo gani? Akija kudai mguu wake tutamwambia nini?"

Basi ng'ombe. Nikapanda bodaboda na magongo yangu hadi soko la Lubao, nikachagua mfupa wa paja la fahali, nikauchemsha mara tatu kwa majivu, nikauanika, nikaufunga kwa kitambaa chekundu cha Imali (ndicho pekee kilichokuwa kimefuliwa).

Siku ya kliniki, kina mama wa kanisa la Imali wakaja kuniombea pale pale kwenye benchi. Tumefumba macho, mbwa akaingia, akavuta kitambaa, nikamrushia gongo, nikaanguka mimi, na mfupa ukabingirika hadi miguuni pa Mama Shisia, kiongozi wao.

"Yesu! Kumbe tunamwombea mchawi!"

"Mama, ni wa kutiwa mguuni..."

"Mguuni mwa nani?"

Benchi zima likahama. Daktari akatoka, akaugeuza ule mfupa, akashusha pumzi. "Ndugu yangu, huu ni wa supu. Ule niliokutajia husafishwa kiwandani, na hata huo peke yake hautoshi pengo lako. Nilikuwa nangoja useme nyonga."

"Nyonga," nikasema, nikiwa bado sakafuni.

Kule kuanguka kuliuvimbisha mguu, nikangoja majuma matatu zaidi ndipo nikapasuliwa na kutiwa mfupa wa nyonga yangu. Sasa natembea, juzi nimefika Likuyani. Maswali sitaacha kuuliza, siwezi, lakini hospitalini nitakwenda mikono mitupu. Hata hivyo Mama Shisia, kabla ya kuniombea, bado hukagua mfuko wangu.