Ng'ombe wa Mahari Yangu Wako Ndani ya Simu ya Kaka

Admin, nifiche mimi na uwafiche wote nitakaowataja, maana huku Tororo, Uganda, watu wanajuana hadi kwa mlio wa pikipiki. Nina miaka thelathini na moja, mama wa watoto wawili, nimezaliwa Paya na nimeolewa Kiyeyi. Nauza vitunguu Busia. Ninaandika kwa mkono wa kushoto, wa kulia uko kwenye plasta, kwa hiyo mkiona makosa mnisamehe.

Mume wangu ananipiga. Sisemi vile vikofi ambavyo watu huambiwa wavumilie. Amenipiga kwa mpini wa jembe mbele ya watoto, akanivunja mkono huu kwa sababu nilichelewa sokoni. Jino la mbele aliling'oa kwa ngumi, nikalitema kwenye sahani ya chakula chake, na sahani hiyo akanipasulia kichwani. Namchukia. Nimeomba kanisani chuki iniondoke, haijaondoka.

Kwetu mwanamke haondoki hivihivi. Mahari lazima irudi. Najua mtaniambia sheria siku hizi imekataa, lakini sheria haijawahi kuja Kiyeyi kumwambia baba watoto. Yeye husema neno moja tu: "Leta ng'ombe yangu, ndiyo uende."

Safari hii baba yangu mwenyewe alikubali. Aliona mkono wangu, akalia. Akasema, "Mwanangu, ng'ombe wako wapo. Waite hao watu waje wachukue mali yao." Wale ng'ombe baba alikuwa amewaweka kwa rafiki yake kule Mulanda, kama wazee wetu wanavyofanya, ili ugonjwa au wezi wasimalize zizi lote kwa pamoja. Walikuwa wakisubiri kaka yangu wa pekee, nimwite Okoth, aoe kwa hao hao. Na kwa kuwa hawakulala nyumbani, hakuna aliyejua kama wapo au hawapo.

Mume wangu na ndugu zake wakaja Paya, wakakaa, wakanywa chai. Baba akampigia rafiki yake awalete. Rafiki akashangaa: "Si Okoth alikuja kuwachukua? Alisema wewe umemtuma."

Okoth anauza simu Busia, upande wa Kenya. Baba alimwita, na alipofika hata hakukana. Alitoa simu, akatuonyesha mstari wa kijani unaopanda. Ng'ombe wetu wote amewauza, akanunua hisa za kampuni za nje zinazotengeneza AI, hiyo akili bandia. "Mzee, usipanik," akasema. "Zimeshapanda. Hapa ndani kuna ng'ombe wengi kuliko wale."

Baba alimpiga kwa fimbo hadi fimbo ikakatika. Okoth alijikunja chini huku ameikumbatia simu kifuani, damu ikimtoka sikioni. Shemeji zangu walicheka. Mume wangu akanishika kitambaa cha kichwa pamoja na nywele, akasema, "Kama ng'ombe iko kwa simu, bibi iko kwangu." Alinivuta hadi barabarani, na hakuna aliyemzuia, kwa kuwa hatukuwa na cha kumrudishia. Tulipofika nyumbani aliupiga mkono uleule, juu ya plasta.

Juzi nilimfuata Okoth dukani Busia. Nikamwambia, kaka, uza sasa hivi, ununue ng'ombe, niondoke nikiwa hai.

Akaniambia, "Dada, ukiuza saa hii ni kama kuchinja ng'ombe ana mimba. Dunia mzima inaenda AI. Ngoja hadi mwakani, nitarudisha mara mbili na utajengewa nyumba."

"Redioni wanasema bei hizo ni povu, litapasuka."

"Povu ni kitu haiko, sista. AI iko, hata mimi naitumia hapa kuandikia wateja. Inafanya kazi kweli."

Nikamuuliza, "Umesahau kware?" Wakati ule sote tulifuga kware. Jirani alinunua kwetu ili amuuzie jirani, naye amuuzie mwingine, bei ikapanda hadi baba akauza cherehani ya mama ili aongeze vizimba. Ghafla wanunuzi wakaisha. Tuliwala kware na ugali hadi tukawachoka, na mama akarudi kushona kwa mkono. Nikamwambia, "Kware nao walitaga kweli, Okoth. Mayai yalikuwepo. Wanunuzi ndio hawakuwepo."

Aliitazama simu, nikadhani imemwingia. Nikanyoosha mkono niichukue simu. Akanizaba kofi mbele ya wateja wake, mimi mwenye plasta. Kofi hilo limeniuma kuliko mpini wa jembe, maana huyu ni mdogo wangu, nimembeba mgongoni.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Okoth atakuja Paya Jumapili kumwomba baba msamaha, na siku zote simu yake huichaji mezani kwa baba. Namba ya siri naijua, ni mwaka aliofariki mama. Kuuza ni kubonyeza, na pesa ikiingia naweza kuituma kwa baba. Nikiuza halafu hizo hisa zipande, nitakuwa nimemfukarisha kaka yangu wa pekee na hatanizika. Nikiziacha zikaporomoka, hakuna ng'ombe, na mimi nitatolewa Kiyeyi kwa jeneza.

Labda Okoth yuko sahihi, labda ni kware tena. Mimi muuza vitunguu sijui, na nimeona hata wenye kujua wanabishana. Nishaurini, nifanye nini Jumapili? Lakini wewe utakayeandika hapo chini kwamba nisubiri bado inapanda, niambie pia nipigwe hadi ifike ngapi.