Kamba ya Nyanya na Umbali wa Jua

Juzi nilirudi nyumbani, kwetu upande wa Magwagwa, kwa sababu shamba la marehemu nyanya yangu linagawanywa, na mpima ardhi alikuwa anakuja. Alikuja kijana mmoja na fimbo ndefu yenye kitu kama bakuli juu yake. Akaichomeka kando ya mikonge ya mpaka, akatulia, akatazama simu. Nikamuuliza kamba iko wapi. Akacheka, akasema siku hizi wanapima kwa setilaiti. Nikainua macho, rafiki yangu, nisione chochote ila yale mawingu yetu yanayonyesha kila alasiri. Papo hapo nikamsikia nyanya, miaka mingi baada ya kumzika, akiuliza swali lake: "Na huko juu, nani ameshika upande wa pili?"

Nyanya alikuwa mtu wa kushuku, na nadhani nimemrithi. Unga wa dukani aliupima upya kwa kopo lake. Kwenye kituo cha majani chai alisimama karibu na mizani mpaka karani akatokwa na jasho. Hata kanisani siku ya Sabato, wakati wa maombi alifumba jicho moja tu.

Lakini alichokishuku kuliko vyote ni mpaka. Mashamba ya huku ni membamba, yanateremka kutoka barabarani hadi mtoni kama mikanda, na ukipoteza hatua moja ya upana umepoteza migomba mingi. Kwa hiyo kila msimu, kabla ya kupanda wimbi, yaani ulezi, aliangua kamba yake ya katani kwenye msumari wa jikoni, nyeusi kwa moshi, yenye fundo kwa kila mwaka ilipokatika. Kutoka jiwe la jikoni hadi kwenye mikonge ilikuwa kamba nne kamili. Mimi nilishika upande mmoja, yeye mwingine.

"Wewe ni damu yangu," aliniambia. "Wewe huwezi kunila."

Ng'ambo ya mikonge aliishi jirani yetu, mama mcheshi mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Yeye na nyanya walikuwa katika egesangio moja, kile kikundi cha kuchuma chai leo kwako na kesho kwangu. Moto ukizima kwetu, nilitumwa kwake na kigae kuleta kaa. Mboga yake ya chinsaga ilikuwa chungu kidogo, ya maziwa, na hadi leo sijala nyingine kama ile.

Nilipofika darasa la sita, mwalimu wa hesabu akatuletea mambo. Alisema mita na kilomita hazitoshi huko angani. Umbali wa kutoka hapa hadi jua ni karibu kilomita milioni mia moja na hamsini, na wataalamu wameuita moja. Moja tu! Akasema pia kuna mwaka wa nuru, ambao si muda bali ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mzima. Kisha akatuagiza kila mmoja apime njia yake ya kuja shule kwa chochote wanachopimia kwao, aigeuze iwe mita, kisha kilomita, kisha aseme ni sehemu gani ya njia ya kwenda jua.

Nilimweleza nyanya tukichambua mboga. Mikono yake ikasimama.

"Jua ni moto. Nani alienda kushika kamba upande wa pili?"

"Hawakutumia kamba. Walipiga hesabu."

"Hizo hesabu ndizo zinaiba mashamba ya watu," akasema, akarudi kwenye mboga.

Niliazima rula ya mita ya shuleni nikapima kamba. Ilikuwa mita tisa na nusu. Nusu hiyo iliniudhi sana. Kamba ya mita kumi, unaongeza sifuri tu mwishoni mwa idadi ya kamba. Basi nikasokota katani kidogo, nikaifunga mwishoni hadi mita kumi zikatimia, nikaipaka masizi ifanane na nyingine. Nikaivuta njia nzima peke yangu, upande wa pili nikiuchomeka kwa kijiti. Kamba mia moja na hamsini hadi lango la shule! Kilomita moja na nusu. Ili nifike juani ningeenda shule mara milioni mia moja bila kurudi nyumbani. Mwalimu aliisoma hesabu yangu kwa sauti darasani, akaibandika ukutani. Sijawahi kufurahi vile.

Kile kipande nilisahau kukifungua. Nasema nilisahau, nawe una haki ya kushuku.

Msimu wa wimbi ulipofika, kamba ya nne ilipita mikonge, ikaishia ndani ya maharagwe ya jirani. Nyanya akapima tena, na tena.

"Amesogeza," akasema polepole. "Kumbe amekuwa akinichekea tu."

Nilikuwa nimeshika mwisho wa kamba na fundo langu lilikuwa nusu mita tu kutoka kiganjani. Nusu mara nne ni mita mbili. Nilijua. Niliogopa kiboko, lakini zaidi niliogopa kuhesabiwa miongoni mwa wanaomla. Nikanyamaza.

Jirani alikuja mikono ikiwa na udongo. "Mama, mikonge ni ile ile! Angalia mizizi!"

"Hata mizizi inahamishwa," nyanya akamjibu.

Wazee wa ukoo waliitwa, wakapima kwa kamba ile ile, nami nikashika tena. Waliondoka bila kuamua. Mikonge ikabaki, salamu zikaisha. Kila mmoja alichuma chai yake peke yake, na moto wetu ukizima tulinunua kiberiti. Siku ya kumzika nyanya, jirani alisikiliza nyimbo akiwa amesimama upande wake.

Na juzi yule kijana akatazama simu yake, akailinganisha na ramani ya zamani, akasema mikonge haijasogea hata shubiri.

Niliingia jikoni. Paa limebomoka, lakini msumari upo na kamba ipo. Nikaibeba hadi mpakani.

"Magokoro, hodi," nikamwita jirani, kama tunavyowaita nyanya zetu. Sasa naye ni nyanya, mgongo umepinda. Nilimweleza yote, rula, jua, ile nusu mita. Nikalifungua fundo kwa meno mbele yake.



"Na kwa nini unasema leo, siku ya wapimaji?" akauliza. "Mnataka nini tena kwangu?"

"Sitaki kitu. Nataka tupime tena, mimi na wewe."

Nikamnyooshea upande wa pili wa kamba juu ya mikonge. Aliutazama, akaingiza mikono chini ya leso yake, akarudi ndani.