Mashine Isiyomtegemea Mtu

Uongozi wa kiwanda cha mikate uliwatangazia wafanyakazi wote kwamba mashine ya kukandia unga imeingia zama mpya. Kwamba kuanzia sasa inaongozwa na akili ya kielektroniki na haimtegemei mtu yeyote. Na kwamba ni marufuku kwa asiye fundi kugusa swichi kuu. Tangazo lilipigwa mihuri miwili, likabandikwa ukutani kwa uji wa unga, bidhaa ambayo kiwanda hakikuwa na upungufu nayo.

Akili ya kielektroniki yenyewe ilikuwa kibao kidogo kama kasha la kiberiti, cha aina ile wanayochezea wanafunzi kuwasha vitaa vya rangi. Fundi umeme wa kiwanda, ambaye watu walimwita Waya kwa wembamba wake na kwa kazi yake, ndiye aliyekitia ndani ya sanduku la bati, akakiandikia programu na kukiunganisha na rilei, yaani swichi inayovutwa na umeme mdogo ili iruhusu ule mkubwa. Kidhibiti cha asili kilikuwa kimekufa, na meneja aliposikia bei ya kingine aliomba kiti. Waya akasema atajaribu. Akajaribu, kikafanya kazi. Meneja aliona fahari, na Waya aliona fahari zaidi, hata ile sentensi ya swichi kwenye tangazo aliiomba yeye mwenyewe, maana mikono ya watu humchosha fundi kuliko mashine.

Jumamosi, siku yake ya mapumziko, alikuwa nyumbani akiunda kibao cha pili, cha tanuri. Mahali pa tanuri alikuwa ameweka balbu. Mkewe akaingia na nguo za kupiga pasi, akachomoa waya wa kibao bila kuomba ruhusa, akanyoosha kola mbili, akauchomeka tena.

"Baba watoto, mbona taa yako inanikonyeza?"

"Haiwezi kukonyeza. Sijaiamuru."

"Basi imejiamuru. Tazama."

Akachomoa, akachomeka. Balbu iliwaka kufumba na kufumbua, ikazima.

Waya alianza kucheka, kicheko kikamkaukia kinywani. Siku zote alikijaribu kibao kikiwa kimeshaamka: kwanza anakiwasha kwa waya wa kompyuta, ndipo analeta umeme mkubwa. Hakuwahi kukiona kikiamshwa ghafla, na tangu cha kwanza kifungwe kiwandani, wiki moja kabla, umeme ulikuwa na adabu isiyo ya kawaida, haukukatika hata mara moja. Sasa alikiona. Kabla hakijasoma programu yake, kibao kilikuwa kama mtu aliyeshtuliwa usingizini: hajui yuko wapi, lakini ameshaitika "naam". Rilei huisikia hiyo naam, ikatii. Kwa balbu, huko ni kukonyeza. Kwa mashine ya kukandia, ni ndoano ya chuma kuzunguka nusu duara.

"Umeme ukikatika kule, halafu ukirudi..." alisema, asimalizie.

Feni ya dirishani ikapunguza mwendo, ikasimama. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima, na kiwanda kilikuwa barabara ya nyuma, kwenye laini hiyohiyo.

Kiwandani kulikuwa na utaratibu wa zamani, ambao Waya mwenyewe aliwahi kuusifu: umeme ukikatika, ndio wakati wa kukwangua beseni la mashine. Kazi imesimama, na hakuna wakati salama kama huo. Enzi za kidhibiti cha asili ilikuwa kweli, kwa sababu umeme uliporudi kilisubiri kubonyezwa. Na mkwanguaji alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, aliyeipata kazi kwa neno la Waya. Huingiza mkono mpaka begani, chini ya ndoano.

Alimpigia. Simu za wafanyakazi hufungiwa kabatini. Alimpigia meneja, meneja hapokei simu za Jumamosi. Alipiga getini.

"Mlinzi hapa."

"Mzee, ni mimi Waya. Kazime swichi kuu ya mashine ya unga. Sasa hivi!"

"Umeme haupo, kijana. Nizime nini?"

"Zima hivyohivyo!"

"Tangazo linasema asiye fundi asiguse. Tena mihuri ni miwili."

"Mzee wangu, nakupigia magoti..."

"Piga, lakini kesho utanikana."

"Basi mwambie shemeji yangu atoe mkono! Atoe mkono kwenye beseni!"

Mlinzi alifikiri. "Hilo halikukatazwa," alikiri. "Nakwenda."

Hakusema kwa mwendo gani. Waya alitoka mbio, kiatu mguu mmoja na ndala mguu wa pili. Nyuma yake mkewe aliuliza, pasi mkononi, "Kuna nini?" Angemjibu vipi, na huyo ni mdogo wake wa tumbo moja?

"Waya! Umeiba au umeibiwa?" alipaza sauti kinyozi, aliyekuwa na mteja mwenye nusu ya nywele.

Waya hakugeuka. Maisha yake yote alikuwa ameilaani kampuni ya umeme kwa kuchelewa. Leo aliiombea uvivu. Wachelewe, Mungu wangu, wapotee njia, wakae wanywe chai.

Nyuma yake mashine ya kinyozi ikavuma. Redio ikaanza katikati ya wimbo. "Umerudiii!" watoto walipiga kelele, na mtaa mzima ukashangilia. Waya alishika ukuta. Lililokuwa liwe limeshakuwa. Kipande kilichobaki alikitembea, kwa sababu hakuna anayekimbilia jambo ambalo macho hayataki kuliona.

Shemeji yake alikuwa amesimama kando ya mashine, mlinzi pembeni yake. Ndani ya beseni kulikuwa na kikwangulio cha chuma, kimekunjwa kama karatasi.

"Shemeji," alisema, "mtambo wako umekula kikwangulio changu."

"Mkono?"

"Ninao. Mzee huyu kanijia hapa, 'Fundi anasema toa mkono, toa mkono.' Nikamuuliza, niutoe nimpe nani? Na fundi gani wa kunipa amri akiwa kitandani kwake?"

Aliuliza kwa mikono yote miwili, kama anavyouliza kila kitu. Hajawahi kusema neno mikono ikiwa imetulia. Ni kwa ajili ya swali hilo, wala si kwa kutii, ndipo mkono ulipotoka.

Waya alizima swichi kuu, akaketi juu ya gunia la unga.

"Usimwambie dada yako."

"Simwambii," alisema shemeji. "Utamwambia wewe, mimi nikiwepo."

Alimwambia jioni ile, na hayo ni ya nyumbani. Kabla unga haujakandwa tena, alichomea kwenye kibao kizuizi kidogo kama punje ya mchele, kinachoutuliza ule mguu wake unaoiamuru rilei mpaka programu iamke. Akarudisha kitufe cha kubonyeza. Kwenye swichi kuu akatia kufuli ya kuifunga ikiwa imezimwa, na hufungwa kila beseni linapokwanguliwa.

Ufunguo ni mmoja, na shemeji huuvaa shingoni. Wiki iliyopita alitoka zamu bila kuifungua, usiku jino likamuuma, asubuhi akabaki nyumbani, ufunguo shingoni, na mtaa haukupata mkate.