Majani Makavu Nyuma ya Gasenyi

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, Jumatatu moja katikati ya Mei, askari aliinua mti wa kizuizi nyuma ya Gasenyi, mtaa wa pembeni mwa Bujumbura, akaniruhusu kupita na baiskeli, mundu na kamba mbili. Masharti yalikuwa mafupi: nikate majani bondeni tu, nisipande mlima, na saa nane niwe nimerudi. Nikamshukuru. Bondeni ndiko nilikotaka.

Nilikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa. Katika miaka ile ya vita, wauza majani walishuka milimani kwa baiskeli siku walizoweza, na kiangazi kilichotangulia kuna wiki hawakushuka kabisa. Mke wangu aliniambia waziwazi: majani yakikosekana tena, ng'ombe anauzwa kabla hajakonda. Mnunuzi hakuwa mbali. Jirani yetu alikuwa mchinjaji, na kila jioni aliegemea ua wetu akimtazama ng'ombe wangu kwa upole nisioupenda.

Mimi nilikuwa na kitabu. Nilikinunua sokoni, cha Kifaransa, hakina jalada, kinaeleza jinsi wakulima wa mabonde ya milimani katika nchi za baridi wanavyokausha majani ili mifugo ivuke majira ya theluji. Niliona kiangazi chetu hakitofautiani sana na theluji yao: kote kuwili majani hayaoti. Wakati wa kukata ni mfupi, mvua zikielekea kwisha lakini majani hayajawa magumu. Nilijipa wiki mbili.

Kitabu kilisema: anika siku tatu, geuza mara mbili kwa siku. Nikaanika uani, nikageuza kwa kutazama saa. Siku ya tatu nilipoinua fungu la kwanza, mkononi vilibaki vijiti. Majani yenyewe yalikuwa unga. Jua la Bujumbura halikusoma kitabu kile.

"Muzee, unasaga?" mchinjaji aliuliza kutoka upande wake wa ua. "Mi nilifikiri bugali ni ya muhogo."

Mafungu yaliyofuata niliyaanika siku moja na nusu tu. Yalitoka ya kijani, yananukia kama chai. Mwisho wa Mei chumba cha nyuma kilikuwa kimejaa hadi darini, na viti vyetu vilikuwa vimehamia barazani.

Mwanzoni mwa Julai wauza majani walipotea. Nikajaza majani makavu kwenye hori, nikasimama pembeni na daftari. Ng'ombe alinusa, akanitazama, akageuza kichwa. Siku ya pili vilevile, na ya tatu. Kwetu majani makavu hutandikwa chini, ng'ombe alalie. Hakuna anayeyaita chakula, na yeye alikuwa ng'ombe wa kwetu.

"We unamupa kitanda chake akikule?" mchinjaji alicheka hadi kofia ikamtoka. "Mulete kwangu, jirani, kabla afe na njaa. Nitakulipa muzuri."

"Apana. Kesho atakula."

"Kesho yako ilikuwa jana!"

Mke wangu hakucheka. "Baba watoto, maziwa ya leo hayakujaza hata kikombe," alisema. "Nakupa mpaka Jumamosi."

Alhamisi jioni niliyatoa majani aliyoyakataa na, ili yasipotee bure, nikamtandikia. Ijumaa asubuhi nilikuta sakafu tupu. Alikuwa amekula kitanda chote, hadi pembeni, na alikuwa akilamba simenti. Nikajaza hori kwa furaha, akageuza kichwa. Basi nikaachana na hori. Kitabu hakikuwa na sura ya jambo hilo, lakini daftari langu sasa lilikuwa nayo: jioni tandika, asubuhi tandika tena, ondoka bila kumtazama.

Jumamosi mchinjaji alikuja na kamba. Alimkuta ng'ombe amepiga magoti, anatafuna.

"Huyu anakula matandiko!"

"Anakula," nilisema.

"Basi mi simutaki. Akimaliza kitanda atakula nyumba." Akaikunja kamba, akaenda zake. Jumatatu alituma birika, anaomba maziwa.

Majani yalitosha siku arobaini na tatu, hadi wauza majani waliporudi. Waliuza fungu faranga mia na hamsini, na ng'ombe wangu alihitaji mafungu mawili kwa siku. Nilipotoa gharama ya kamba mpya za kufungia majani, faranga mia nane, nilikuwa nimeokoa faranga elfu kumi na mbili na mia moja.