Mtihani Wangu Ulivyoishia kwenye Kikombe cha Maziwa

Nianze kwa kukiri, maana wengi mnaijua nusu ya habari na hiyo nusu mmeitia chumvi: ni kweli, mimi ndiye niliyenyweshwa maziwa kwa nguvu mbele ya kompyuta hapa Kabanga, nikiwa mzima, sijala sumu wala sijapanga kufa, nafanya mtihani.

Kazi yangu ni kutengeneza kompyuta. Nimeishia kidato cha nne, mengine nimejifunza kwa kuharibu. Ofisi moja kule Kibondo ilinipa kazi ya mkataba, na mkuu wangu, Bi Rehema (mtu wa asili ya Tanga, akicheka anasikika mpaka getini), aliniambia bila kuzunguka: "Nashon mwanangu, programu zetu zote zimehamia kwenye kontena. Mkataba wako unaisha mwezi ujao. Lete cheti cha jukwaa la kuzisimamia nikupiganie, bila cheti sina la kusema."

Kontena hizo si za bati. Ni namna ya kufunga programu pamoja na kila inachohitaji, kisha jukwaa linazichunga, na moja ikifa jukwaa linawasha nyingine mahali pake kabla mtu hajajua. (Niliposoma hapo nilifunika kompyuta nikatoka nje kidogo. Mama yangu alikuwa na wiki sita tu kaburini.)

Kozi zilikuwa nyingi na mitihani mingi kuliko kozi, basi nikamwendea rafiki yangu Sadiki, mwenye duka la simu Kasulu mjini, ambaye cheti anacho. Akasema, "Soma ya utangulizi, halafu ya usimamizi, ufanye mtihani wa usimamizi, basi. Ile ya waandika programu achana nayo, wewe kuandika barua ya kuomba ruhusa tu unatoka jasho. Na mtihani kafanyie kituoni Mwanza, umenisikia?"

Nilimsikia. Lakini kwenye fomu kulikuwa na visanduku viwili, kituoni na nyumbani, na mimi siku zile sikutaka kupanda basi nikaulizwa na kila abiria msiba umekwendaje, nikaweka alama kwenye nyumbani. Alama moja tu, jamani.

Masharti yalikuja marefu. Uwe peke yako chumbani. Kuta ziwe tupu. Mezani pasiwe na kitu. Usitoke mbele ya kamera, na usizungumze na mtu, ukizungumza mtihani umekwisha. Mimi nikipewa sharti nalishika lote. Siku moja kabla ya mtihani nilimpelekea jirani yangu Mama Yusta kuku wote wa marehemu mama, maana yule jogoo wetu hana adabu.

"Niwatunze mpaka lini?" akauliza.

"Mpaka nimalize."

"Umalize nini, mwanangu?"

Nikamkabidhi jogoo. Sikutaka mtaa ujue nina mtihani, kisha nikifeli nipewe pole mbili kwa mpigo. Nikamwomba tu kesho asije kunigongea, nikaondoka. Uongo sikusema, ila ukweli nao niliubakiza nyumbani.

Asubuhi nikatoa vitu vyote uani: kitanda, redio, gunia la maharage, viatu, na picha ya mama niliyoishusha ukutani nikaiweka juu ya kiti, imetazama mlango. Nikaziba dirisha kwa kanga yake, nikakomea kitasa na komeo. Sasa niambieni, ninyi mngepita hapo mkaona vile, na mwenye nyumba ni mfiwa asiyesema, mngefikiri nini?

Mtihani ni wa vitendo. Wanakupa mashine zilizoharibika uzitengeneze, na msimamizi anakutazama kupitia kamera kutoka sijui nchi gani. Nilikuwa nakwenda vizuri, naapa. Nikafika kwenye programu inayokufa kila ikiwashwa, na ndipo nikasikia sauti ya Mama Yusta mlangoni:

"Mwakeye! Nashon!"

Salamu ya Kiha haiachwi hewani, hasa ya mama mzima. Nikaiacha hewani.

"Nashon, nimekuletea uji. Mbona vitu viko nje? Yoo! Mbona mama yako yuko kwenye kiti?"

Nikasikia miguu inakimbia, kisha inarudi ikiwa mingi. Katekista akaanzisha wimbo. Mzee Bukuru, seremala, babu zake walitoka Burundi na yeye hajawahi kutoka na tindo mkononi bila kulitumia, akasema, "Mlango huu niliutengeneza mwenyewe, kuung'oa ni dakika mbili."

Nikaona nitoe ishara kwamba ni mzima bila kuzungumza. Nikakohoa.

"Anakohoa! Amekunywa dawa ya panya! Leteni maziwa!"

Mzee Bukuru alisema dakika mbili, hata moja haikufika. Mlango ulilala chini, watu wakaingia juu yake, mmoja akanishika kichwa, mwingine pua, na Mama Yusta akanimiminia maziwa huku analia, "Kunywa, mwana wanje, kunywa, usimfuate!" Nusu nilimeza, nusu ikanywewa na kompyuta.

Sauti ya msimamizi ikauliza kwa Kiingereza kama kuna mtu mwingine chumbani. Ningeweza kusema hapana? Nilifuta mdomo, nikahesabu kwa kidole, nikamjibu: kumi na mmoja, na mbuzi mmoja anaingia sasa hivi.

Mama Yusta akaisogelea kamera. "Ni wewe uliyemfungia humu?"

Mtihani ukakatwa.

Nilikwenda Kibondo nikamweleza Bi Rehema yote, maana kuficha ndiko kulikonifikisha pale. Alicheka mpaka akavua miwani, kisha akafuta macho, na sidhani machozi yote yalikuwa ya kicheko. "Wallahi, watu kumi na mmoja na mbuzi! Nitakuombea mwezi mmoja wa nyongeza. Mmoja tu, Nashon."

Niliwaandikia wenye mtihani ukweli mtupu, hata mbuzi sikumwacha, wakaniruhusu kurudia. Safari hii nilitangaza mtaa mzima. Nikapanda basi la Mwanza nikiwa na mayai ya kuchemsha ya Mama Yusta (ya kuku wetu wenyewe), na kila abiria aliyeniuliza habari za msiba nilimjibu. Nilifaulu chupuchupu, lakini nilifaulu, na mkataba ninao.

Kile kisanduku cha nyumbani sikigusi tena maishani. Kinamtaka mtu athibitishe kwamba atakuwa peke yake, na mimi niliyeweka alama pale nikiamini ni kweli, sasa najua nilikuwa naandika uongo.