Ribiti Zilizoinama

Kila asubuhi, kabla ya kushika nyundo, fundi wa ribiti, zile pini za chuma za kuunganishia mabati, huupapasa kwanza ubavu wa ile ndege kuukuu ya kutua majini, kama mama anayempima mtoto homa. Hana maneno mengi. Akiudhika hupiga mluzi. Siku yeye na mumewe walipobandua bati lililoliwa na chumvi, aliona ribiti zote za zamani zimeinama upande mmoja.

"Aliyezipiga alitumia kushoto," akasema.

Mumewe, anayemshikia chuma cha kukinga nyundo kwa ndani, akacheka. "Mke wangu, bati ni jipya. Ribiti mpya zinyooshe tu, nani atajua?"

"Nikizinyoosha, marehemu wa watu nitakuwa nimemfuta kazi."

Akahamishia nyundo mkono wa kushoto, akaanza taratibu, akijigonga vidole.